Nani Amelipia Maji Yetu? Historia ya Bomba, Kisima na Choo Bonde la Kilombero



Tumezoea kuzungumza hapa habari za mbegu, mbolea, panya wa ghalani na bei ya mpunga. Leo tuzungumzie maji ya kunywa na majitaka, na nitapita njia ya historia. Kwenye mikutano ya vijiji swali linalorudi kila mara ni hili: "Serikali italeta maji lini?" Ni swali halali. Lakini lina pacha wake ambaye haulizwi sana: yakishaletwa, nani atalipa ili yaendelee kutoka? Ukifuata historia ya maji nchini tangu uhuru, utaona fedha ya kujenga ilipatikana mara nyingi. Kilichotuangusha zaidi ni lile swali la pili. Na jambo la tatu, yaani choo na majitaka, kwa muda mrefu halikupata hata fungu.

Bonde lenye maji tele

Mgeni akifika Ifakara wakati wa masika hawezi kuelewa tunalalamikia nini. Maji yapo mashambani, yapo barabarani, na Mto Lumemo ukijaa yanaingia hadi ndani ya nyumba. Wataalamu wa maji wanakadiria kwamba zaidi ya nusu ya maji yote ya Mto Rufiji, kama asilimia 62 hivi, hutoka Kilombero. Vijito vinavyoshuka kutoka Udzungwa vinamwaga mwaka mzima. Kwa mpunga, hiyo ni neema.

Kwa kunywa ni habari nyingine. Tambarare yetu ina maji karibu na uso wa ardhi. Ukichimba kisima kifupi unayapata upesi, lakini ukichimba choo unayapata upesi vilevile. Mvua ikizidi, shimo la choo na kisima vinakutana chini kwa chini, na mafuriko yakija vinakutana hata juu. Ndiyo maana kwetu huwezi kutenganisha habari ya majisafi na habari ya majitaka. Ni shauri moja.

Somo la zamani: ugonjwa ndio uliofungua hazina

Tuanze mbali kidogo, pwani, kwa sababu biashara ya bara na pwani ndiyo iliyobeba ugonjwa wenyewe. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kitabu akieleza jinsi ugonjwa ule ulivyosafiri na misafara ya biashara. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Watu waliokuwa wakitegemea visima vya mjini wakapata maji kutoka chanzo kilicho mbali na vyoo vyao.

London nako walipita njia hiyo hiyo. Kipindupindu kiliua watu kwa miaka mingi na fedha ya mifereji ya majitaka ikawa inabishaniwa tu. Majira ya joto ya 1858, harufu ya Mto Thames ilizidi mpaka wabunge wakashindwa kukaa kwenye jengo lao lililo kando ya mto. Hapo sheria ikapita haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha ya kujenga mtandao wa majitaka ambao sehemu zake zinatumika hadi leo. Wenye fungu walitoa fedha pale shida ilipowafikia puani. Wewe wa Mngeta au Lupiro, ambaye harufu ya kisima chako haifiki Dodoma, huna budi kuifikisha kwa njia nyingine: barua, muhtasari wa mkutano na hesabu. Tutarudi hapo.

Enzi ya maji ya bure

Baada ya uhuru, halmashauri zilitakiwa kuchangia sehemu ya gharama za kujenga miradi ya maji vijijini. Nyingi hazikuwa na uwezo. Mwaka 1965 serikali kuu ikaamua kubeba gharama yote ya ujenzi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikachukua hatua zaidi: maji vijijini yakawa huduma ya bure. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20 wenye lengo kubwa: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na ya kutosha ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake.

Tusiudharau mpango ule. Ulijenga miradi mingi kuliko kipindi chochote cha kabla yake. Nchi wafadhili ziligawana mikoa: Sweden upande wa Ziwa Victoria, Denmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Finland Mtwara na Lindi, Uholanzi Shinyanga na Morogoro. Kwa mkoa wetu, mwaka 1978 ulianza mradi wa visima vya Morogoro kwa msaada wa Waholanzi. Walichimba visima vifupi na kufunga pampu za mkono. Hesabu yao ilieleweka: pampu ya mkono haihitaji dizeli, na penye maji ya karibu haihitaji kisima kirefu. Mazingira kama ya kwetu yaliendana na wazo hilo.

Tatizo lilikuwa la baada ya uzinduzi. Mwananchi hakulipa, kwa hiyo mradi haukuwa na mfuko wake. Pampu ikiharibika, taarifa ilipanda wilayani, ikasubiri gari, ikasubiri spea. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, mafuta yamepanda bei duniani, nchi imetoka vitani Uganda, na fedha za kigeni hakuna. Injini za dizeli za miradi mingi nchini zikanyamaza kwa kukosa mafuta na vipuri. Watu wakarudi mtoni. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Sisi ufa tulikuwa tunauona, lakini hakuna aliyekuwa amepewa udongo wa kuuziba.

Na choo je?

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Vilichimbwa vyoo laki kadhaa. Wazee wengi bado wanaikumbuka kampeni hiyo, na ni haki yao kujivunia.

Angalia lakini nani alilipa. Kwa maji, serikali na wafadhili walijenga. Kwa choo, mwananchi aliambiwa achimbe mwenyewe kwa jembe lake. Mpangilio huo haujabadilika sana. Kampeni za karibuni, ikiwemo ile ya "Nyumba ni Choo", nazo zinamhimiza mwenye kaya. Kaya kujenga choo chake ni sawa. Ila shimo likijaa, uchafu unaenda wapi? Miji mingi ya wilaya nchini haina mabomba ya majitaka, na gari la kunyonya likipatikana, linahitaji mahali halali pa kumwaga. Hilo haliwezi kufanywa na kaya moja kwa jembe. Ni kazi ya mamlaka na ya bajeti, na ndilo jambo linalosahaulika zaidi kwenye maombi yetu. Tunaomba bomba, hatuombi bwawa la majitaka.

Mwaka 1997, Ifakara

Ifakara ina bahati ambayo miji mingi haina: watafiti wako mlangoni. Maabara ya Waswisi iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy mwaka 1957 ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoifahamu leo. Kwa hiyo kipindupindu kilipoingia mwaka 1997, kilipimwa.

Mwaka ule ulikuwa mbaya kwa nchi nzima. Walioripotiwa kuugua Tanzania walizidi 40,000, na waliofariki walizidi 2,200. Hapa Ifakara watafiti walichukua wagonjwa 180 wa mwanzo, wakawalinganisha na watu 360 ambao hawakuugua, kisha wakauliza: hawa wamefanya nini ambacho wale hawakufanya? Mambo matatu yalijitokeza. La kwanza, kuoga mtoni. La pili, kuishi mbali na chanzo cha maji. La tatu, kula samaki wakavu. Vimelea vyenyewe vilipatikana kwenye kinyesi cha wagonjwa na pia kwenye chanzo kikuu cha maji cha Ifakara, na vipimo vya maabara vikaonyesha ni vya aina moja.

Ndugu yangu mfanyabiashara wa samaki, soma tena jambo la tatu. Samaki aliyeoshwa au kushikwa kwa maji machafu anabeba ugonjwa mpaka mezani kwa mteja. Mlipuko ukitangazwa, chakula na vinywaji vinavyouzwa wazi ndivyo vinavyopigwa marufuku kwanza. Na wewe mkulima, ukiugua wiki ya kupandikiza au ya kuvuna mpunga, shamba halikusubiri. Maji safi ni suala la afya, lakini pia ni mtaji. Anayetumia saa mbili kwa siku kutafuta maji ameziondoa shambani au gengeni.

Kutoka bure hadi kuchangia

Mwaka 1991, mwaka ambao kila mtu alitakiwa awe na maji ndani ya mita 400, lengo halikuwa limefikiwa. Mwaka huo huo ikatoka Sera ya Maji iliyoanza kuachana na maji ya bure. Sera ya 2002 ikaenda mbali zaidi: wananchi wamiliki miradi, wachangie ujenzi, na walipie uendeshaji na matengenezo. Sera hiyo yenyewe ilikiri kwamba takribani nusu tu ya watu wa vijijini ndio waliokuwa na huduma ya uhakika, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ilikuwa haifanyi kazi vizuri.

Kisha ikaja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, iliyopangwa kwa miaka 2006 hadi 2025, na fedha nyingi zikaingia. Lakini Wizara ilipohesabu vituo vya kuchotea maji nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne katika kila kumi vijijini vilikuwa havitoi maji. Baadhi vilikuwa na umri mdogo kuliko watoto wa darasa la kwanza.

Hapa Ifakara lilijitokeza jaribio la maana. Shirika la MSABI, yaani Maji Safi kwa Afya Bora Ifakara, lilichimba visima na kufunga pampu, kisha likaanzisha utaratibu wa jamii kulipa mchango mdogo wa kila mara ili fundi aje pampu ikiharibika. Ni kama bima. Hulipi siku ya ajali, unalipa kabla. Utaratibu wa namna hiyo unagusa palepale ambapo miradi ya miaka ya 1970 iliumia.

Unalipa tayari, hata kama hujui

Kuanzia mwaka wa fedha 2015/16 serikali iliweka tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya mfuko wa maji. Piga hesabu kwa kiwango hicho. Ukiweka lita 5 kwenye pawatila, umechangia shilingi 250. Bodaboda akiweka lita 2, amechangia 100. Fuso linalobeba mpunga wako kwenda Dar es Salaam likiweka lita 100, limechangia 5,000, na gharama hiyo imo ndani ya nauli ya gunia lako.

Katika miaka iliyofuata wabunge wengi walisimama wakati wa bajeti ya maji wakiomba tozo hiyo iongezwe ifike shilingi 100. Serikali haikukubali, kwa hofu kwamba mafuta yakipanda na bei za bidhaa zitapanda. Hoja zote mbili zina uzito kwetu, maana sisi ndio tunaokosa maji na sisi ndio tunaosafirisha mazao. Lakini jambo moja halina ubishi: mradi wa maji ukifika kijijini kwako, si zawadi. Una mchango wako ndani. Una haki ya kuuliza.

Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5. Sheria hiyo ilianzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ulioanza kazi Julai mwaka huo. Mfuko wa Taifa wa Maji nao ukapewa nafasi yake kisheria. Kijijini, uendeshaji uko mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi tunaviita CBWSO. Mijini kuna mamlaka za maji, na bei zao zinasimamiwa na EWURA. Tazama jina la sheria na jina la wakala: usafi wa mazingira umetajwa kote. Kwa hiyo ukiulizia majitaka, huombi jambo la pembeni.

Tufanye nini na historia hii

Historia isiyoongeza debe ghalani ni hadithi tu. Haya ndiyo ninayoyashauri.

*Fuata kalenda ya fedha.* Mwaka wa serikali huanza Julai 1. Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni, na halmashauri huandaa yake miezi ya kabla ya hapo. Kwa hiyo ombi la kijiji linatakiwa liwe limeandikwa na kupitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mwaka haujaisha, Oktoba au Novemba. Ukilalamika Mei, unalalamikia sufuria iliyokwisha kuepuliwa.

*Peleka hesabu, acha kilio.* Andika kaya ngapi, kisima kipi kimekauka na tangu lini, umbali wa kuchota, wagonjwa wangapi wa kuharisha kwa mujibu wa zahanati. Muhtasari wenye namba, uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji, humpa diwani na mbunge kitu cha kusimama nacho. Ombi la mdomo halina faili.

*Weka fungu la matengenezo kabla ya siku ya uzinduzi.* Hakuna mkulima anayenunua pawatila bila kujua fedha ya belti na oili itatoka wapi. Kwa mfano tu: kaya 200 zikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni 200,000, na kwa mwaka ni milioni 2 na laki 4. Kaeni na fundi na RUWASA mpige hesabu ya mradi wenu mjue kama hiyo inatosha au la. Kaya zisizojiweza zitajwe mkutanoni kwa haki, zisaidiwe kwa utaratibu.

*Hesabu zisomwe hadharani.* Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila miezi mitatu. Chombo cha maji kisome mapato, matumizi na salio la benki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu wakishaona fedha haieleweki wanaacha kulipa, mradi unakufa hata kama pampu ni nzima.

*Ombi la maji liende na ombi la majitaka.* Kwa Ifakara mjini, Mang'ula na senta zinazokua, ulizeni kwenye vikao: gari la kunyonya vyoo linamwaga wapi? Bwawa la kutibu majitaka liko kwenye mpango wa mwaka gani? Nyumbani, choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Penye maji ya karibu, usichimbe kwenda chini sana. Inua choo juu ya tuta na ukuta imara, ili kitako cha shimo kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Na kumbuka sheria ya mazingira ya 2004: mita 60 kutoka mtoni ziachwe bila shughuli za kudumu, na hapo hata bustani zetu zinaguswa.

*Usingoje bomba ili uwe salama.* Chemsha maji au yatibu kwa dawa yenye klorini, yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na samaki waoshwe kwa maji safi na kupikwa waive vizuri.

Wazee wetu walijengewa visima wakaambiwa ni bure, vikafa. Sisi tumeambiwa tuchangie, na vingi vimekufa pia, kwa sababu mchango haukuwa na daftari wala fundi. Mafuta yetu yanakatwa tozo kila siku, na msimu wa kupanga bajeti hauko mbali. Mkutano ujao wa kijiji, kabla ya kuuliza maji yatakuja lini, simama uulize salio la mfuko wa maji ni shilingi ngapi. Jibu lake litakuambia kama maji yakija yatakaa.